Dakika Nne

Nanawa mpaka kwenye viwiko.
Navaa gauni, barakoa, glavu,
naingia kwa Aminieli, kitanda cha pembeni,
kwa kunyata, kama mtu aliyekuja kukopa.
Leo siku ya sita tangu wampasue kifua.

Mapigo tisini na sita.
Presha mia na kumi kwa sabini.
Mkojo wa saa nzima, mililita hamsini na tano,
na mimi, binti wa Mamba Miamba niliyesomeshwa kwa tangawizi,
naufurahia mkojo wa mume wa mtu
kuliko nilivyoifurahia mahari yangu.

Mrija wa kifuani umeleta kidogo tu,
rangi ya juisi ya rozela iliyotiwa maji.
Nyaya mbili bado zimechomoza chini ya mbavu,
za kuushtua moyo ukizembea.
Na saa mbili kamili, asubuhi na usiku,
dawa ya kuusihi mwili usimfukuze mgeni.
Ikichelewa nusu saa Daktari Urassa anapiga simu.
Nisipopokea, anakuja na kandambili.

Watu huniuliza, moyo ni wa nani?
Karatasi imeandika kundi la damu, uzito,
umri: ishirini na mitatu.
Basi.

Jambo moja nililisoma darasani, nikalijibu mtihani,
nisilielewe:
moyo wa kupandikizwa umekatwa mishipa yote ya fahamu.
Haupigiwi simu. Unasubiri barua.
Uogope, ufurahi, umwone uliyemkosea,
wenyewe unaendelea na tisini na sita zake
hadi damu iufikie, polepole, iusimulie.
Sisi tunaosema moyo umeniruka, moyo umenipasuka,
tumezoea mioyo yenye waya.

Saa kumi na mbili asubuhi, muda wa kuona wagonjwa,
akatokea mtu mwenye buti za tope la Uru,
koti limelowa, mkononi jani moja la isale
lililopigwa fundo.
Ndetaulwa. Ndugu yake wa tumbo moja.
Miaka kumi na mmoja hawajaamkiana,
kisa mpaka wa kihamba: migomba mitatu na mfereji.

Nikamzuia. Majani hayaingii humu, kaka.
Wala udongo. Kuna ukungu usioonekana kwa macho,
huo huo unaweza kumwua.
Akalitazama jani kana kwamba limemchongea.
"Sista, hili halikataliwi."

Najua halikataliwi.
Hata sisi Wapare tulioolewa Moshi tunajua.
Lakini nina daftari la masharti,
na ndani ya daftari hakuna isale.

Nikampeleka dirishani, upande wa nje.
Akaliinua, akalibandika kwenye kioo
kwa kiganja chote, maji ya mvua yakimchuruzikia mkonono wa koti.
Nikamwinua Aminieli, mto nyuma ya mgongo.
Akaona.

Mdomo ukamcheza chini ya bomba la oksijeni.
Machozi yakashuka, yakaishia kwenye plasta.
Nikageukia mashine.
Tisini na sita.
Tisini na sita.
Ndetaulwa naye aliitazama ile namba kupitia kioo.
Hajui inasema nini, ila aliona haisogei,
akaanza kulishusha jani.

Nikampungia: ngoja!
Nikagonga kioo kwa pete yangu ya ndoa: ngoja.
Dakika ya kwanza.
Ya pili, nikasahau kumwaga mfuko wa mkojo.
Ya tatu, tisini na saba; labda kikohozi.
Ya nne, mia na mbili.
Mia na tano. Mia na nane.

Moyo wa kijana nisiyemjua,
ambaye labda hakuwahi kukanyaga Uru,
asiye na mgomba wala mpaka na mtu,
habari zimeufikia.

Nikafungua chati.
Saa 12:14. Mapigo 108. Sababu:
Kalamu ikakaa hapo.
Daktari Urassa ataniuliza.